Siku Mkono Wangu Ulikaa kwa Kamati

Nimeandikwa kazi mingi kwa hii maisha. Nimejenga, nimechimba choo, nimechunga ng'ombe za mtu mwenye alikuwa ananiogopa kuliko hizo ng'ombe. Lakini kazi yenye ilinipatia heshima zaidi ni ile ya kuwa mtu wa kawaida.

Sifanyi mzaha. Niliandikwa na serikali.

Ilikuwa Kitale, asubuhi ile ya baridi yetu, ile unakamua ng'ombe unapata barafu, unaweka kwa kikapu unabeba nyumbani. Nilikuwa kwa ngazi napiga plasta ukuta ya ofisi fulani. Madam mmoja akatoka nje, mtu wa Nairobi, amevaa koti mbili na shuka juu yake, akasimama kuniangalia vile mtu anaangalia mbuzi kwa soko.

"Fundi, ulisoma mpaka wapi?"

"Mpaka kwa mlango, madam. Mwalimu alikuwa amesimama hapo na kiboko, nikarudi."

"Na Kiingereza?"

"Naelewa ikinitukana."

"Kibukusu je?"

"Hiyo hata ng'ombe zangu zinaongea."

Madam akageuka, akaita ofisa mwenzake kwa dirisha. "Nimempata!"

Nikashuka ngazi nikifikiri nimeshikwa.

Mambo ilikuwa hivi. Serikali ilitaka kuleta mkopo ya kujenga nyumba za kupangisha. Wewe uko na ploti lakini huna ya kununua mawe, wanakukopesha, unajenga, wapangaji wanalipa, unarudisha pole pole. Sasa kabla waachilie hiyo mkopo, sheria ilisema lazima wazunguke kwanza wapime kama itafikia watu wote sawasawa ama itaenda kwa wale wale wa kila siku. Wakipata kuna mtu anafungiwa nje, wanabadilisha masharti. Hiyo ndiyo kazi madam alitumwa, kupima usawa. Siku ya kwanza nilikuja na pima maji yangu, ile ya kuangalia kama ukuta imelala. Madam akaniambia niiache kwa gari.

Kamati ilikuwa na watu watatu. Madam mwenyewe, huyo ofisa wa dirisha, wa mkopo, mwenye alikuwa mwembamba na anakunywa chai bila kufungua mdomo, na mtu wa kawaida. Huyo wa tatu ndiye mimi. Jina yangu ilipelekwa Nairobi, ikakaa huko, ikarudi imepigwa muhuri kwamba kweli mimi ni wa kawaida. Nilionyesha bibi yangu hiyo muhuri. Akasema yeye angewaambia bure.

Na hao watu watatu, akikosa mmoja, mkutano haihesabiki. Watu waongee mpaka koo zikauke, ni kama walikuwa wanaimbia mahindi.

Sasa niwaeleze juu ya mama mkwe, ndiyo muelewe hatari yenye ilikuwa inakuja.

Bibi yangu ametoka Bungoma, hapo Kibabii. Baba yake alifariki, mama akabaki na shamba kidogo karibu na barabara ya chuo. Hapo wanafunzi ni wengi kuliko kumbikumbi, wanatafuta vyumba mpaka wengine, nasikia, wanalala kwa zamu kwa kitanda moja. Mama akaona. Akaanza kununua mchanga kidogo kidogo, akamwaga kwa boma. Hiyo mchanga ilikaa mpaka nyasi ikamea juu yake, na ukiulizia njia kwa hiyo kijiji unaambiwa pita kule kwa mlima.

Shida ilikuwa taito, ile hati ya shamba. Ilikuwa bado jina ya marehemu. Na masharti ya mkopo, vile iliandikwa mara ya kwanza, ilisema mwenye taito aweke sahihi, na kama hayuko, mkubwa wa ukoo amwekee. Mkubwa wa ukoo alikuwa ndugu ya marehemu, baba mdogo wa bibi yangu. Huyo mzee akaelewa hayo masharti haraka kuliko mtu yeyote Bungoma mzima. Akaenda akapigilia kigingi katikati ya shamba ya mama, akasema mkopo ikifika ataweka sahihi na atajenga vyumba vyake hapo. Mama alimuuliza, "Na mimi shemeji?" Akasema, "Wewe utakuwa unafagia."

Kwa hivyo mama alikuwa anangojea hiyo mkutano ifike kwao vile watu wanangojea mvua. Alikuwa mwenyekiti wa chama ya akina mama, na alisema akipata nafasi mbele ya hao watu wa Nairobi atawaambia yote. Alifanyia mazoezi hayo maneno kwa simu na bibi yangu kila jioni. Mimi nilikuwa nayajua kwa kichwa.

Sasa mtu atauliza, kama nilijua, kwa nini nilienda? Sikujua! Mkutano ya siku hiyo ilikuwa ifanyike Kamukuywa. Nimepanda gari ya serikali, nimelala, kuamka naona Kibabii. Ati huko Kamukuywa ukumbi ilipatikana iko na harusi, wakahamisha. Nikasema moyoni, Bungoma iko na watu, si lazima nikutane na yule mmoja.

Kwetu mtu na mama mkwe hawaangaliani uso. Hakuna ugomvi, ni heshima. Hamsalimiani kwa mkono, hamkai nyumba moja, hamli meza moja. Mkipatana kwa njia, mmoja anaingia kwa mahindi mpaka mwingine apite. Mimi nimekaa na mtoto wake miaka hiyo yote na sura ya mama naijua kwa picha peke yake, na hiyo picha huwa naiangalia kwa upande.

Ukumbi ilikuwa ya kanisa. Mlango moja mbele, dirisha moja nyuma, na sisi kamati tumekaa meza yetu karibu na dirisha. Wanaume waliongea kwanza. Wote walisema mkopo ni mzuri, haina kasoro, iletwe hata leo jioni. Yule mzee wa kigingi alikuwa laini ya mbele na kofia na fimbo, akanisalimia vizuri kama mkwe, nikamuinamia. Kisha ofisa akasema, "Sasa mwenyekiti wa akina mama aingie."

Akaingia.

Sikuona uso. Niliona kitambaa ya kichwa, nikajua. Na yeye aliona viatu yangu ya kazi, yenye nilinunuliwa na mtoto wake, nafikiri, kwa maana alivuta leso juu ya kichwa, akageuka hapo hapo kama gari ya polisi. Mimi nilikuwa nimeshapita kwa dirisha. Sikumbuki kuamka kwa kiti. Nakumbuka tu niko hewani.

Mtu mmoja akaona mama anatoka mbio kwa mlango na mwanakamati anaruka dirisha, akapiga nduru: "Nyoka!"

Ukumbi ilimwagika. Kuna mzee alikuja hapo na magongo mbili, alionekana baadaye upande ya Lwakhakha, huko mpaka ya Uganda, akiwa ameshika moja.

Sasa mama alizunguka nyumba na mkono ya kushoto akinikimbia. Mimi nikazunguka na ya kulia nikimkimbia. Kumbe tunaenda kupatana nyuma! Nikasikia sandali zake, papa papa papa, zinakuja. Hapo kulikuwa na tanki ya maji ya kanisa, imeegemea ukuta. Nikaingia ndani.

Nilikaa kwa tanki mpaka kukanyamaza. Kwa ule ukuta nilikuwa nasikia vizuri. Watu walirudi wakakaa. Akina mama hawakurudi, kwa sababu mwenyekiti wao alikuwa amesimama huko kwa geti na amepatia kanisa mgongo, na wao wote wakasimama na yeye. Nikasikia ofisa anasema, "Basi tuandike akina mama waliitwa, wakatoka, hawakuwa na la kuongeza."

Yule mzee akasema, "Waliridhika. Mimi nawajua. Wakiridhika huwa wanatoka."

Nikasikia kalamu inafunguliwa. Hapo ndiyo niliona hii kitu inaenda wapi. Mama amenunua mchanga kiberiti kwa kiberiti, amekariri maneno, na vyote vinaisha kwa sababu mimi niko na mguu mbili na nilikaa mahali mbaya. Nikatoa kichwa kwa tanki nikaita, "Madam!"

Madam akakuja nyuma. Akaniangalia, maji imefika kifua.

"Mtu wa kawaida, unafanya nini kwa tanki?"

"Madam, yule mama ni mama mkwe wangu."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo niko kwa tanki."

Akaangalia dirisha, akaangalia tanki. Halafu akasema pole pole, "Hakukuwa na nyoka."

"Nyoka ni mimi."

Nikamweleza yote. Na nikamwambia dawa ni rahisi, mimi nitoke niende zangu, mama aingie aongee. Madam akashika kichwa. Akasema nikienda, kamati inabaki watu wawili, na mama akiongea mbele ya watu wawili ni kama hajaongea. Nikamwambia achukue mtu mwingine wa kawaida, si wamejaa hapo ndani. Akasema hao hawajapigwa muhuri. Na ripoti ilikuwa inaenda Nairobi kesho yake.

"Kwa hivyo," madam akasema, "ukiwa ndani, hawezi kuongea. Ukiwa nje, hajaongea."

"Ndiyo hiyo, madam."

"Na mimi ndiye nimetumwa kuangalia kama kuna mtu anafungiwa nje."

Akakaa chini kwa jiwe. Nilimhurumia kabisa, na mimi ndiye nilikuwa nimelowa.

Mama mmoja mnene akatoka huko kwa geti, ametumwa. Akasimama mbali, akasema, "Madam, mayi mwenyekiti amesema hivi. Mbele ya mkwe hataongea, lakini nyumbani pia haendi. Hiyo karatasi ikienda bila maneno yake, shemeji anajenga kwa shamba yake kesho. Amesema kama huyo mtu lazima akuwe ndani, si aingize ndani sehemu kidogo?"

"Sehemu gani?"

"Yenye haina macho."

Tulijaribu kofia yangu kwanza. Iliwekwa kwa kiti. Yule mzee akasimama na fimbo: "Kofia si mtu! Hata mimi niko na kofia!" Na kusema ukweli hapo alikuwa na haki. Ofisa akatoa karatasi ya sheria, akaisoma mbele, akaisoma nyuma. Akasema imeandikwa mwanakamati awe ndani ya ukumbi. Haijasema awe ndani kiasi gani.

Hivyo ndivyo mkono wangu wa kulia uliingia kwa kamati. Mimi nilisimama nje, mgongo kwa ukuta, macho kwa ua ya miiba ya kayaba, na mkono nimeupitisha kwa dirisha ukalala juu ya meza. Madam akaweka soda karibu nao. Waliandika kwamba watu wote watatu wako.

Mama akaingia. Akasimama huko mbali kwa mlango, akaangalia upande ya ukuta. Na mimi nikasikia ile sauti ya simu, sasa ikiwa kubwa.

"Nimesikia mnataka sahihi ya mwenye shamba," akasema. "Mwenye shamba yuko. Tulimzika chini ya parachichi. Jembe nitawapatia, mwende mumuulize. Na mkimpata, mumuulizie pia alificha wapi kamba ya ng'ombe, nimetafuta nimechoka."

Watu wakacheka. Akangoja wamalize.

"Hiyo shamba nimelima mimi. Yeye alikuwa anafanya kazi ya mbali, alikuwa anakuja Krismasi kuangalia kama imekaa mahali aliiacha. Nimesomeshea watoto hapo. Sasa mnaleta mkopo, mnasema mama akitaka aende aite mwanaume wa ukoo. Huyo mwanaume siku ya kupalilia hajawahi itika. Lakini siku ya sahihi yuko na kalamu mbili."

Mzee akaruka. "Wewe mama! Hii mchanga ni ya ukoo, hata wewe ni wa ukoo! Mwanamke hapelekangi shamba kwa mkopo!"

"Mchanga ni yangu, shemeji. Ya ukoo ni kigingi."

Akina mama walipiga kelele mpaka mabati ikajibu. Mimi nje nilikuwa nataka kucheka lakini siafu zilikuwa zimenipata. Siafu za Kibabii, mnazijua? Ni kubwa kama panya, na hizi zilipanda suruali zikiwa na haraka ya watu wenye wameitwa chakula. Na siwezi kutoa mkono, nikitoa mama hajaongea. Nilicheza mguu mmoja, nikacheza ule mwingine. Ndani, mkono ulilala tu kwa meza kama wa pasta juu ya Biblia.

Kisha ofisa akasema ile kitu yenye ilinimaliza. Akasema hiyo inaweza kuwa shida ya boma moja, na masharti ya serikali haibadilishwi kwa sababu ya boma moja. Akasema ndiyo maana kuna mtu wa kawaida, aseme kama hii kitu iko kwa watu wengi. "Mtu wa kawaida, kama ni ya wengi, inua mkono."

Nikasikia mzee anakohoa, halafu anaongea na sauti ya chini, ile tamu.

"Huo mkono ufikirie. Huo mkono ni wa mkwe wetu. Huwa unakula kwangu Krismasi. Ukiinuka leo, usije ukanyooshwa kwa sahani yangu tena."

Na nilijua anamaanisha. Yeye ndiye alibaki mahali pa baba ya bibi yangu. Kumpinga hadharani, mbele ya chifu na kanisa, si kitu ndogo. Mkwe akikosea wakwe, hiyo maneno inafika Kitale mbele yake.

Lakini nikafikiria hizo nyumba zote nimejenga. Kwa boma ngapi nimefika naita mwenye nyumba, anatoka mama mwenye ananipikia chai na anajua bei ya kila msumari, halafu anasema, "Fundi, ngoja kwanza, shemeji akuje aseme." Na ngoja hiyo inakuwa ya mwaka. Nimeacha misingi huko Saboti, huko Kiminini, nyasi imemea ndani, kuku zinataga humo, kwa sababu shemeji hajakuja kusema. Kama ningetaka kuhesabu ningehitaji vidole vya watu wengine.

Mkono ulikuwa mzito kama simiti yenye imenyeshewa. Nikauinua. Niliuinua mpaka bega ikagonga fremu ya dirisha na soda ikaanguka.

Sikuona chenye kilifanyika. Nilisikia vigelegele, nikasikia fimbo inagonga sakafu ikielekea mlangoni, nikasikia madam anasema, "Andika. Ni ya wengi." Halafu nikasikia sauti ya mama, iko mbali bado, haiongei na mimi, inaongea na ukuta.

"Huo mkono ushukuriwe. Na mtu auangalie, unatetemeka kama uko na malaria."

"Ni siafu, mama!" nikaambia ua ya kayaba.

"Ukuta," akasema, "ambia huyo mtu atoke kwa siafu, mkutano imeisha."

Nilitoka nikaruka moja kwa moja ndani ya tanki, na siku hiyo hakuna mtu aliniuliza kwa nini.

Mvua ya vuli ilikuja ikaenda. Krismasi ikafika, na kweli sikualikwa kwa mzee. Nilikula kwangu, sukuma na ugali, na watoto wakauliza mbuzi iko wapi, mama yao akawaambia baba yenu aliinua mkono kwa dirisha, mbuzi ikatorokea hapo. Halafu masharti mapya ikatoka. Ile ya mkubwa wa ukoo ilikuwa imefutwa. Mjane anaweza kuweka sahihi yake mwenyewe, akiwa na barua ya chifu na chama yake ikisimama naye. Madam alinipigia simu kunisomea. Nilimwambia asome pole pole, nilikuwa nimeweka kwa sauti kubwa na bibi alikuwa ameacha sufuria inaungua.

Mama alipata. Ndiye alikuwa wa kwanza kwa hiyo laini, nasikia alifika kwa hiyo ofisi mbele ya mlinzi.

Kigingi ilingolewa. Na fundi ni mimi. Mzee bado hanisalimii, akipita kwa barabara anaangalia ng'ambo, sasa wako wawili wenye hawaniangalii kwa hiyo boma na nimeshazoea. Mama hukaa nyuma ya jikoni amenipatia mgongo, na akiwa na neno anaambia kuku. Juzi nilikuwa nafunga fremu ya chumba ya kwanza, nikamsikia.

"Kuku, hiyo mlango ni ya mtu ama ni ya sungura?"

Nikaambia kuku, "Mwambie mama wanafunzi wa siku hizi ni wembamba."

"Kuku, muulize fundi, na vitanda zao pia ni nyembamba?"

Kuku ilituangalia, huku na huku. Nikachukua nyundo nikaanza kubomoa fremu.